Wanawake wasio na majina: historia ya tiba ya hedhi nzito, kutoka kisu mpaka tundu la sindano, na mama wa Chumbi yuko wapi humo

Muulize mtu yeyote historia ya Rufiji, atakutajia wanaume na vyuma. Atakutajia Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyenyongwa na Wajerumani pale Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, Maji Maji ikiwa ndiyo kwanza inawaka. Atakutajia Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyojificha kwenye delta mpaka Waingereza wakaimaliza Julai 1915. Mwenye kumbukumbu ya karibu atakutajia Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003 na kuwapumzisha watu adha ya pantoni.

Hakuna atakayekutajia mwanamke aliyekuwa akitokwa damu siku kumi na mbili kila mwezi, akalima mpunga hivyo hivyo, akazaa hivyo hivyo, akaishiwa nguvu kidogo kidogo mpaka majirani wakasema amelogwa. Huyo hayumo kwenye kitabu wala kwenye jiwe la ukumbusho. Na si Rufiji peke yake. Historia nzima ya tiba ya hedhi nzito, kuanzia Manchester na Paris mpaka Muhimbili, imejaa majina ya madaktari. Waliotokwa damu, ambao bila wao kusingekuwa na tiba yoyote, karibu wote hawana majina.

Hii ni stori yao.

Siri iliyofundishwa

Kwenye vijiji vya Rufiji kama Chumbi, Mohoro na Ikwiriri, msichana akivunja ungo alikuwa na watu wake wa kumfundisha. Kulikuwa na kungwi, kulikuwa na somo, kulikuwa na unyago. Mwali aliwekwa ndani, akaelekezwa namna ya kufunga kitambaa, namna ya kukifua, wapi pa kukianika mtu asikione. Yalikuwa mafunzo ya maana sana, na wengi walioyapitia wanayasifu mpaka leo.

Lakini somo la kwanza lilikuwa siri. Damu haionekani, haisemwi, hata dada yako wa tumbo moja hajui umeingia lini na umetoka lini. Sasa mtu atajuaje kwamba yake imezidi, kama hajawahi kusikia ya mwenzake? Mama alitokwa damu siku kumi, binti anatokwa damu siku kumi, basi kwao ndiyo kawaida. "Sisi kwetu tunaingia hivyo." Kumbe wote wawili wanaumwa.

Hata madaktari wenyewe walichelewa kujua "nyingi" ni kiasi gani. Kipimo kinachotajwa vitabuni mpaka leo kilitoka Sweden mwaka 1966, pale watafiti walipokusanya na kupima damu ya hedhi ya wanawake wa mji wa Gothenburg. Wakaona kwamba anayepoteza zaidi ya mililita 80 kwa mwezi yuko kwenye hatari ya kupungukiwa damu mwilini. Mililita 80 ni kama kikombe kidogo cha kahawa. Watu walisubiri mpaka miaka ya 1960 kupata kikombe hicho!

Kuna mahali pamoja ambapo suala hili halikufichwa, na ni mahali ambapo wengi hawategemei: darasa la fikihi. Watu wa Rufiji wengi ni Waislamu, na mafunzo ya dini tangu zamani yanatenganisha hedhi na istihadha, yaani damu inayopita kiasi. Kwa madhehebu ya Shafii, yaliyoenea pwani yote hii, hedhi haivuki siku kumi na tano. Ikivuka, hiyo ni istihadha: mwanamke anaoga, anajihifadhi, anaswali na anafunga. Na asili ya hukumu hiyo ni mwanamke mwenye jina, Fatima binti Abi Hubaish, aliyemwendea Mtume kumweleza kwamba damu yake haikatiki. Akajibiwa kwamba hiyo ni damu ya mshipa, si hedhi.

Angalia hapo. Mwanamke anauliza waziwazi, anasikilizwa, na jina lake linahifadhiwa zaidi ya miaka elfu moja na mia tatu. Hospitali za karne ya 19 hazikumfanyia mgonjwa wao heshima hiyo.

Kisu kilianza kwa makosa

Mwaka 1843, huko Manchester, Uingereza, daktari Charles Clay alimpasua mwanamke tumbo akidhani ana uvimbe kwenye ovari. Alipofungua akakuta ni faibroidi za kizazi. Akaukata mfuko wa uzazi. Mgonjwa alitokwa damu akafa. Jina la Clay limeandikwa kama mtu wa kwanza kutoa kizazi kupitia tumboni. Jina la marehemu, mpaka uchimbue sana.

Miaka kumi baadaye, 1853, kwenye mji wa viwanda wa Lowell, Massachusetts, daktari Walter Burnham naye alifungua tumbo kwa makosa yale yale. Inasimuliwa kwamba mgonjwa alitapika katikati ya upasuaji, faibroidi kubwa ikachomoza nje kupitia kwenye jeraha, na daktari akashindwa kuirudisha. Akalazimika kutoa kizazi. Safari hii mgonjwa akapona. Mwaka huo huo, mji huo huo, Gilman Kimball akafanya kwa kukusudia na mgonjwa wake naye akapona. Basi mlango ukafunguka.

Ulifunguka, lakini kwa gharama. Wengi wa waliofuata kwenye meza ya Burnham walikufa. Kulikuwa hakuna antibayotiki, hakuna damu ya kuongezewa, na dawa ya usingizi ndiyo kwanza inajulikana. Mwanamke aliyekubali kupasuliwa miaka hiyo alikuwa amefika mwisho kabisa wa kuvumilia.

Na hapo ndipo ilipoanza njia ya pili, ya watu waliojiuliza: lazima kupasua? Haiwezekani kuingia kwa njia ambayo mwili umeshaifungua wenyewe? Mwaka 1869, mjini London, daktari Pantaleoni alichukua bomba lililotengenezwa kwa ajili ya kuchungulia kibofu cha mkojo, akalipitisha kwenye mlango wa kizazi cha mwanamke wa miaka 60 aliyekuwa anatokwa damu. Mwanga ulikuwa wa taa ya moto ulioelekezwa ndani kwa kioo. Akaona kinyama kidogo, akakiunguza kwa dawa ya fedha, hapo hapo, bila kisu.

Leo vitabu vinasema hiyo ndiyo histeroskopi ya kwanza. Bibi wa miaka 60 aliyekubali taa ya moto iwekwe karibu na miguu yake anatajwa kwa umri wake tu.

"Wamenisafisha kizazi"

Kati ya kutoa kizazi chote na kuchungulia kwa taa, kulikuwa na njia ya tatu, na hii inajulikana Tanzania nzima mpaka leo: kusafisha kizazi. Mfaransa Récamier ndiye aliyeingiza kifaa cha kukwangua ukuta wa ndani wa kizazi, miaka ya 1840. Kwa zaidi ya miaka mia moja, mwanamke akisema damu haikatiki, jibu lilikuwa kukwangua.

Je, ilisaidia? Kwa aliyeharibikiwa mimba na mabaki yakabaki ndani, ndiyo, iliokoa maisha. Kwa mwenye damu inayoendelea hovyo, inaweza kuizuia kwa wakati ule, na kile kilichotoka kinaweza kupimwa. Lakini kwa hedhi nzito ya kila mwezi, baada ya mwezi mmoja au miwili mambo yanarudi pale pale. Ukuta wa kizazi unaota upya, faibroidi iko pale pale, homoni ziko vile vile. Wanawake wengi wamesafishwa mara mbili, mara tatu, wakiamini tatizo ni uchafu. Neno lenyewe limechangia. Ukimwambia mtu "tutakusafisha", umeshamwambia kwamba ana uchafu, wakati ugonjwa wake ni mwingine kabisa.

Madaktari kumi na wawili

Turudi nyumbani. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, madaktari wazalendo walikuwa 12 tu. Chuo cha udaktari Dar es Salaam kilianza mwaka 1963. Hospitali kubwa ilikuwa ile iliyofunguliwa mwaka 1956 kwa jina la Princess Margaret, ambayo baadaye ikaitwa Muhimbili. Huko wilayani kazi nyingi za upasuaji zikaja kuangukia kwa madaktari wasaidizi, watu waliosomeshwa kwa muda mfupi zaidi wakapewa mzigo mkubwa zaidi. Wameokoa akina mama wasiohesabika, na wao pia hawana majina kwenye vitabu.

Kwa mwanamke wa kusini ya mto Rufiji, hata huyo daktari msaidizi alikuwa mbali. Utete, makao makuu ya wilaya yenye hospitali, ilifikika kulingana na hali ya maji. Kabla ya daraja, mto ulivukwa kwa mtumbwi au kwa pantoni. Maji yakijaa, safari imekwisha. Na msimu wa mpunga familia nyingi zilihamia bondeni, zikakaa kwenye dungu kulinda shamba dhidi ya ndege na wanyama. Fikiria hedhi ya siku kumi na mbili juu ya dungu, maji chini, kitambaa hakikauki.

Mwaka 1968 mafuriko yalikuwa makubwa, na serikali ikaendesha Operesheni Rufiji, kuwahamisha watu kutoka bondeni kwenda kwenye vijiji vya juu. Kila mtu ana hadithi yake kuhusu operesheni hiyo, nzuri na mbaya. Lakini kijiji cha kudumu maana yake ni kwamba zahanati inaweza kujengwa mahali watu walipo. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, ambapo mamilioni ya Watanzania walikaa vikundi vikundi kusikiliza habari za malaria, kuhara, safura na kichocho. Safura inanyonya damu. Kichocho kinatoa damu. Hedhi inayomaliza damu haikuwa mada.

Kisha kuna jambo moja ambalo Rufiji inatajwa nalo duniani kote kwenye vyuo vya afya, na wenyeji wengi hata hawalijui. Kuanzia miaka ya 1990, mradi ulioitwa TEHIP, wa Wizara ya Afya na Wakanada, ulifanyika Rufiji na Morogoro Vijijini. Swali lao lilikuwa rahisi: pesa za afya za wilaya zikitumika kufuatana na magonjwa yanayoua watu hasa, kitatokea nini? Ili wajue, walihitaji hesabu. Wahesabuji wakapita nyumba kwa nyumba kwenye vijiji vya kaskazini ya mto, upande wa Ikwiriri na Kibiti, wakaandika kila anayezaliwa, kila anayehama, kila anayekufa na kilichomuua. Vifo vya watoto vikashuka kwa zaidi ya asilimia 40 ndani ya miaka michache. Ni mafanikio ya kujivunia.

Ila tazama vizuri hesabu yenyewe. Ilihesabu vifo. Hedhi nzito haiui haraka. Inachosha, inatia kizunguzungu, inavunja ndoa, inamfanya binti akose shule siku tano kila mwezi. Mwanamke akija kufa wakati wa kujifungua kwa sababu damu yake ilikuwa imeshapungua tangu zamani, kwenye karatasi kinaandikwa kifo cha uzazi. Miaka ishirini ya kutokwa damu kabla ya hapo haina safu ya kuiandika. Kwa hiyo hata sehemu iliyohesabiwa vizuri kuliko karibu sehemu zote za Afrika, mwanamke huyu alipita katikati ya vidole vya wahesabuji. Na Chumbi, iliyoko kusini ya mto, haikuwa hata ndani ya eneo lenyewe.

Namba za taifa ndizo zinazomgusa kwa mbali. Utafiti wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Sababu ni nyingi: lishe, malaria, minyoo, uzazi wa karibu karibu. Hedhi nzito imo humo ndani, lakini mara nyingi mgonjwa hupewa vidonge vya kuongeza damu na hakuna anayemuuliza damu inatokea wapi.

Tundu linaanza kuwa dogo

Wakati hayo yanaendelea, duniani watu walikuwa wanahangaika kupunguza ukubwa wa jeraha. Na hapa stori inakuwa tamu.

Ya kwanza haina jeraha kabisa. Mwaka 1962, Japani, mke na mume Utako na Shosuke Okamoto walitangaza dawa ya kuzuia damu kuyeyuka baada ya kuganda, inayoitwa asidi ya traneksamiki. Bi Utako alikuwa akitafuta dawa ya akina mama wanaokufa kwa kutoka damu baada ya kujifungua. Hospitali hazikumpa nafasi ya kuijaribu kwa kazi hiyo. Ilichukua zaidi ya nusu karne, mpaka mwaka 2017, utafiti mkubwa wa wanawake 20,060 katika nchi 21, Tanzania ikiwemo, ulipoonyesha kwamba inapunguza vifo hivyo ikitolewa mapema. Bi Utako alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, akiwa na miaka 98. Dawa hiyo hiyo, ikinywewa siku za hedhi tu, inapunguza damu kwa karibu nusu kwa wanawake wengi. Ni vidonge. Havihitaji umeme wala daktari bingwa.

Ya pili ni kitanzi. Si kile cha shaba, ambacho chenyewe kinaweza kuongeza damu, bali kitanzi chenye homoni kilichobuniwa Ufini na kuanza kutumika huko mwaka 1990. Kilitengenezwa kwa ajili ya uzazi wa mpango. Wanawake waliokitumia ndio walioripoti kwamba hedhi imekuwa nyepesi, wengine imekatika kabisa. Mwaka 2013 utafiti wa Uingereza wa wanawake 571 wenye hedhi nzito ulionyesha kinawarudishia maisha yao vizuri kuliko vidonge vya kawaida. Kinawekwa kwa dakika chache na kinakaa miaka.

Ya tatu ni kuunguza ukuta wa ndani wa kizazi. Mwaka 1981, Detroit, Marekani, daktari Goldrath alitumia miale ya leza. Ilihitaji ufundi mkubwa. Mwaka 1997 Marekani wakaruhusu kifaa chepesi zaidi: puto dogo linaingizwa ndani ya kizazi, linajazwa maji, maji yanapashwa moto kwa dakika 8, kisha linatolewa. Vifaa vya baadaye vikafupisha muda hadi dakika moja na nusu hivi. Mgonjwa anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Lakini ieleweke: njia hii ni kwa ambaye hataki tena kuzaa. Mimba baada ya hapo ni hatari.

Ya nne ndiyo inayofanana na muujiza. Paris, mapema miaka ya 1990. Daktari Jacques Ravina na wenzake walikuwa wanawaandaa wanawake wenye faibroidi kwa upasuaji. Ili wasitoke damu nyingi mezani, walianza na kuziba mishipa inayolisha kizazi: mrija mwembamba kama uzi mnene unaingizwa kwenye mshipa wa paja, unaongozwa kwa eksirei mpaka kwenye mshipa wa kizazi, kisha punje ndogo ndogo zinamwagwa humo. Faibroidi inakosa damu, kama mti uliokatwa mzizi.

Upasuaji wenyewe ungefuata baadaye. Ila baadhi ya wanawake hawakurudi. Walipoulizwa, wakasema damu imekatika, maumivu yameisha, upasuaji wa nini tena? Mwaka 1995 Ravina akaandika habari za wagonjwa 16 kwenye jarida la Lancet. Jina lililobaki ni lake. Lakini ukiangalia kwa makini, waliogundua tiba hii ni wanawake wale waliokataa kurudi mezani. Wao ndio waliosema imetosha.

Si kwamba haina kasoro. Tafiti za Uingereza za mwaka 2007 na 2020 zilionyesha kwamba anayezibwa mishipa anarudi kazini mapema, ila wengine hulazimika kutibiwa tena, na kwa wale wanaoweza kuondolewa faibroidi pekee, upasuaji huo bado unaweza kuleta nafuu kubwa zaidi. Anayetaka kuzaa anapaswa kuongea na daktari kwa kina kabla ya kuamua. Hakuna tiba ya wote.

Muhimbili, 2018

Kwa zaidi ya miaka ishirini baada ya Paris, Tanzania, nchi iliyokuwa inakaribia watu milioni 60, haikuwa na huduma hiyo ya kutibu kwa mrija na eksirei, ambayo hapa inaitwa tiba radiolojia. Mwenye uwezo alikwenda India. Asiye na uwezo alibaki na kisu au na Mungu.

Mwaka 2018 timu kutoka Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, ikaanza kuja Muhimbili kwa zamu, mwezi baada ya mwezi, kila timu na daktari, muuguzi na fundi wake, wakibeba mirija kwenye masanduku. Kizuri walichofanya ni kwamba hawakuja kutibu na kuondoka. Walifundisha. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Muhimbili kikaanzisha shahada ya uzamili ya fani hiyo, ya kwanza Afrika Mashariki, na mwaka 2021 wahitimu watatu wa kwanza wakatoka. Sasa kuna Watanzania wanaofanya kazi hiyo, na kuziba mishipa ya faibroidi ni sehemu ya fani yao.

Kwa hiyo, kwa mara ya kwanza, binti wa miaka 31 mwenye faibroidi ambaye hajazaa anaweza kuwa na swali jipya la kuuliza ndani ya nchi yake. Zamani maneno yalikuwa mawili tu: vumilia, au toa kizazi. Na kila mtu anajua pwani hii kutolewa kizazi kunasemwaje mitaani. Kwamba umekuwa gofu. Kwamba mume ana haki ya kutafuta mwingine. Ni maneno ya uongo, kwani wanawake wengi wametolewa kizazi kwa sababu za msingi na wanaishi vizuri, wengine wanasema walichelewa tu. Lakini uongo huo umewafanya wengi watokwe damu miaka kumi wakiogopa kwenda hospitali, kwa kuwa walijua huko kuna jibu moja tu.

Sasa Chumbi

Chumbi ya leo si ya wakati wa pantoni. Daraja lipo, na lami ya kuelekea Somanga ilikamilika miaka ya 2010, barabara ambayo zamani wakati wa masika mabasi yalilala kwenye tope. Basi la Lindi linapita. Dar es Salaam imekuwa safari ya siku moja, kama kilomita 200 hivi. Ila Aprili 2024 maji yalijaa tena Rufiji na Kibiti, mashamba yakazama, nyumba zikaenda, na watu wakakumbuka kwamba mto haujastaafu.

Jeraha la tiba limepungua kutoka tumbo zima mpaka tundu la sindano, lakini njia ya kulifikia tundu hilo kwa mama wa kijijini bado ni ndefu: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, rufaa ya mkoa, Muhimbili. Kila ngazi ina nauli yake, ina siku zake za kusubiri, ina mtu wa kuachiwa watoto. Kifaa kikiwa kidogo, nauli haipungui.

Ndiyo maana ukiitazama historia hii yote, jambo la maana zaidi kwa Chumbi si mrija wa Paris. Ni lile lililoko chini kabisa ya ngazi: mhudumu wa zahanati anayemwona mama amepauka na, kabla ya kumpa vidonge vya kuongeza damu, anamuuliza: "Mama, ukiingia mwezini unakaa siku ngapi?" Swali hilo halina gharama. Baada yake vinafuata vitu vinavyowezekana hata mbali na Muhimbili: kupima wingi wa damu, kupima kichocho, kipimo cha utrasaundi kwenye hospitali ya wilaya, vidonge vya traneksamiki, kitanzi chenye homoni pale kinapopatikana. Wengi wataishia hapo na watapona. Wachache watakaobaki ndio watakaohitaji rufaa, na watakwenda wakijua wanafuata nini.

Kwa hiyo dada, mama, shangazi, shika haya. Hedhi inayozidi siku saba, pedi au kitambaa kinacholowa kila saa, mabonge makubwa ya damu, kizunguzungu, kuchoka usikokuelewa, yote hayo si "sisi kwetu tunaingia hivyo". Damu ikitoka katikati ya mwezi, baada ya tendo la ndoa, au baada ya hedhi kukoma kabisa, usisubiri, kwa sababu saratani ya mlango wa kizazi nayo huanza hivyo. Ukiambiwa njia ni kutoa kizazi tu, una haki ya kuuliza: kwa nini, na je, kuna njia nyingine kwa hali yangu? Labda jibu litakuwa hapana. Lakini uliza. Na akina baba, mkeo akikwambia hayo, mpe nauli kabla hujampa ushauri.

Makungwi nao wana kazi. Unyago haujafa Rufiji, na hakuna daktari anayesikilizwa na mwali kama kungwi. Kwenye yale mafunzo ya kitambaa na usafi likiongezwa jambo moja tu, la kuhesabu siku na kusema zikizidi, kungwi mmoja atakuwa amewafikia mabinti wengi kuliko mabango ya kliniki.

Wanawake wa Lowell, wa London, wa Paris na wa Gothenburg hatutawajua majina. Wa Chumbi wa zamani pia wamekwenda na siri yao. Wa leo bado wapo, na majina yao yapo kwenye daftari la zahanati. Kilichobaki ni mtu kuwauliza, na wao kusema.